Mzee ametimiza miaka 60. Nani anamlipa?

Baada ya kipindi chetu kuhusu hela tunazotuma nyumbani, ujumbe mwingi uliokuja haukuwa wa nyumbani kabisa. Ulikuwa wa wazazi walio hapahapa: Durban, Joburg, Cape Town, wengine London. Mzee anazeeka, hana akiba yoyote, sasa inakuwaje? Na chini ya swali hilo kuna lingine ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ndogo: ni haki kweli sisi vijana kuwabeba wote hawa?

Mimi kazi yangu ni hesabu za mifuko ya uzeeni. Nakaa Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na kila siku nashinda nikiangalia nani amechangia kiasi gani na atapata nini akistaafu. Kwa hiyo swali hili nilikuwa nalijua kwenye karatasi. Mwaka 2025 likaingia sebuleni kwetu. Baba alitimiza miaka 60, na nchi hii miaka 60 ndio umri wa kuomba pensheni ya serikali, ile ambayo majirani zetu Wazulu wanaiita impesheni. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa randi 2,310 kwa mwezi, na aliyepita miaka 75 anaongezewa 20. Haihitaji uwe umechangia. Inahitaji uwe na kipato kidogo na mali kidogo, na uwe raia, mkaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyetambuliwa. Aliye na karatasi ya kuomba hifadhi tu hayumo.

Baba ana hadhi ya ukimbizi. Tulitoka Uvira wakati wa vita ya 1996, tukafika Durban mwaka uliofuata nikiwa na miaka minne. Nikamwambia, "Baba, nenda kaombe, ni haki yako." Akanijibu, "Mwanangu, sitaki kuonekana nimekuja kula hela ya wenyewe."

Mdogo wangu naye, aliyezaliwa hapahapa, alikuwa na lake. "Dada, hebu piga hesabu. Mimi na wewe tunakatwa kodi inayolipa wazee wa nchi nzima. Tunakatwa akiba ya uzee wetu wenyewe. Halafu tunamlipia Baba pango na tunamtumia Bibi Uvira. Tunalipa mara ngapi?"

Nilikaa na hayo maneno mawili kwa muda mrefu. Baba anaona aibu kupokea, mdogo wangu amechoka kulipa, na wote wawili wanaamini kitu kilekile: kwamba Baba hakuwahi kuweka chochote kwenye chungu. Mimi nasema aliweka.

Kwa miaka zaidi ya ishirini Baba alikuwa mlinzi wa magari. Kule Uvira alikuwa mwalimu. Hapa alivaa kizibao cha kung'aa na kusimama barabarani, akiwaelekeza watu waegeshe na akisubiri sarafu wakitoka dukani. Hakuna mshahara. Kuna wakati alikuwa anamlipa mtu kila asubuhi ili aruhusiwe kusimama kwenye kipande chake cha barabara, yaani alilipa ili afanye kazi. Mkataba hakuna, mfuko hakuna, bima ya kukosa kazi hakuna. Jumamosi ya kwanza ya Julai, siku ya mbio kubwa, mji mzima unajazana Greyville na kofia zao, na Baba alikuwa anarudi usiku mifuko imelemewa na sarafu. Ndio ilikuwa bonasi yake ya mwaka.

Kwenye vitabu vya ofisini kwangu mtu kama huyo hayupo. Hajachangia, basi hana kitu. Lakini mfumo wa Afrika Kusini haukujengwa kwenye michango. Nchi hii haina mfuko wa taifa wa pensheni ambao kila mfanyakazi anaingia, kama NSSF ya Kenya au ya Tanzania. Impesheni inatoka kwenye kodi za jumla, na kodi siyo ya mshahara peke yake. Kila alichonunua Baba, sabuni, viatu vyetu vya shule, mafuta ya nywele ya Mama, kilikuwa na VAT ndani yake: asilimia 14 tangu tulipofika, asilimia 15 kuanzia Aprili 2018. Ni kweli unga wa mahindi na mkate wa kahawia havikatwi, na siku nyingine tulikula hivyo tu. Lakini miaka ishirini na zaidi ya kununua siyo kidogo. Hakuna aliyempa risiti ya kusema "umechangia". Hilo ni tatizo la risiti.

Ukiangalia historia unaona kwamba suala la nani aliweka na nani achukue halijawahi kuwa hesabu tupu. Sheria ya kwanza ya pensheni ya wazee hapa ni ya 1928. Iliwahusu wazungu na wale walioitwa Machotara. Waafrika na Wahindi waliachwa nje, ingawa walifanya kazi na kulipa kodi kama kawaida. Waliingizwa 1944, kwa viwango vya chini, na viwango havikusawazishwa kwa rangi zote mpaka 1993. Fikiria hilo kidogo: mwaka niliozaliwa mimi.

Na hapa Durban kuna watu ambao sisi wa Kiswahili tungepaswa kuwajua vizuri zaidi, Wazanzibari wa Chatsworth. Mababu zao, wengi wao Wamakua, walikuwa watumwa waliookolewa baharini na meli za Waingereza na kuletwa hapa kutoka Zanzibar kuanzia 1873. Walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth. Mwaka 1961 waliandikwa kuwa "Waasia wengine". Waafrika waliofika kwa meli, wakawa Waasia kwa kalamu. Siyo kichekesho tu: siku zile pensheni nayo ilifuata rangi. Muasia alipata chini ya mzungu na juu ya Mwafrika. Neno moja kwenye daftari lilikuwa na bei yake kila mwezi.

Kwa hiyo nikisikia "hela ya wenyewe", nauliza: wenyewe kina nani, na mwaka gani?

Mahakama ya Katiba ilishaulizwa. Mwaka 2004, katika kesi ya Khosa, wakaazi wa kudumu waliotoka Msumbiji walipinga sheria iliyowapa ruzuku raia peke yao. Serikali ilijibu kwa hoja ya gharama, hoja ileile tunayoisikia leo. Mahakama ikaangalia namba na kuona kwamba kuwaingiza kungeongeza chini ya asilimia 2 ya matumizi ya ruzuku. Wakaazi wa kudumu wakaingizwa. Jambo moja kwenye hukumu ile nimelisoma mara nyingi: ukimnyima mzee, mzigo haupotei, unahamia kwa ndugu zake na jamii inayomzunguka. Yaani kwangu na kwa mdogo wangu.

Hapo ndipo namwona mdogo wangu amekosea mlango. Hela za impesheni ya Baba hazimtoi yeye mfukoni ili zimpe Baba raha. Zinampunguzia yeye. Tena kwenye nyumba nyingi za hapa hela ya gogo haibaki kwa gogo. Mchumi Esther Duflo alichapisha utafiti mwaka 2003, akitumia takwimu za 1993, wakati viwango vya Waafrika vilipokuwa vimepanda. Aliona kwamba wasichana wadogo waliokuwa wanaishi na bibi anayepokea pensheni walikuwa na afya na kimo bora kuliko wenzao. Akipokea babu, tofauti hiyo haikuonekana. (Baba nilipomwambia hili alinyamaza kidogo, halafu akasema huyo mama hajafika nyumba zote.) Pensheni ya wazee ililisha watoto. Huo nao ni uhusiano wa vizazi, ila unashuka badala ya kupanda.

Mdogo wangu ana hoja nzuri zaidi akitazama Kenya. Huko, kuanzia Januari 2021, watumishi wa serikali walio chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima kwenye mfuko mpya: wanakatwa asilimia 2, kisha 5, kisha 7.5 ya mshahara. Waliowatangulia wanaendelea kulipwa kutoka hazina. Kijana wa leo anajiwekea mwenyewe na bado kodi yake inawalipa wa jana. Ukibadilisha mfumo katikati ya safari, kuna kizazi kimoja kinacholipa nauli mbili, na sijawahi kuona hesabu inayoliondoa hilo. Tanzania nako mnakumbuka ugomvi wa kikokotoo: malipo ya mkupuo yalitaka kushushwa 2018, yakasimamishwa, yakawekwa asilimia 33 mwaka 2022, na 2024 yakapandishwa kidogo baada ya kelele. Ila kwenye ugomvi ule wote hukumsikia muuza samaki, maana yeye hakuwa na cha kukokotoa.

Zanzibar walifanya tofauti. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefika miaka 70 anapewa pensheni jamii, awe amechangia au hakuchangia. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 50,000. Ni kidogo, na miaka 70 ni mbali. Lakini mvuvi na katibu mkuu wako kwenye daftari moja.

Swali la uwezo silikwepi. Impesheni ya hapa inalipwa kwa karibu watu milioni 4 na inazidi randi bilioni 100 kwa mwaka. Mwaka 2025 serikali ilitaka kupandisha VAT, ikashindwa, ikaachana nayo Aprili. Kuna wanaosema dawa ni kila mtu achangie. Agosti 2021 serikali ilitoa waraka wa mfuko wa lazima, mchango wa hadi asilimia 12 ya mshahara. Baada ya wiki mbili hivi ukaondolewa. Mimi nisingeupinga kwa watu wenye mishahara kama yangu. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya vijana wanaotafuta kazi nchi hii hawana kazi. Hao utawakata nini? Mfuko wa michango peke yake utawaandaa kina Baba wapya, milioni kadhaa, wakiwa na miaka 60 na daftari tupu.

Baba aliomba mwishowe. Haikuwa hoja zangu zilizomsukuma. Mwaka ule watu walikuwa wanaandamana mjini dhidi ya wageni, wengine wakasimama kwenye milango ya kliniki wakidai vitambulisho, na nilidhani ndio ataacha kabisa. Akasema, "Kama watanifukuza mlangoni, wanifukuze nikiwa na karatasi sahihi mkononi." Alikubaliwa.

Mimi na mdogo wangu tukapunguza tunachompa, tukakubaliana tofauti iende kwenye akiba zetu. Tulikaa kimya na mpango wetu mpaka mwezi wa pili, tulipogundua kwamba Baba anakata randi 700 kutoka kwenye impesheni na kumtumia Bibi Uvira. Mdogo wangu anataka tumwambie aache. Mimi nimemwambia akamwambie yeye.