Tusiteketeze chakula cha udongo

Mkulima achomaye mabua ya mahindi, kisha akakopa fedha za kununulia mbolea, hana tofauti na amwagaye uji halafu akalia njaa. Udongo una uhai. Kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba kina mamilioni ya bakteria na kuvu, ambao hula masalio ya mimea na kuyageuza kuwa chakula cha mimea mingine.

Tazama biwi la mboji. Bakteria wanapokula majani, samadi na mabua, joto hupanda hadi nyuzi 60 za Selsiasi hivi, likaua mbegu nyingi za magugu na viini vya maradhi. Biwi hugeuzwa na kunyunyiziwa maji kwa sababu bakteria hao wahitaji hewa na unyevu. Anayetia shambani mboji mbichi ataona mahindi yakigeuka manjano, kwani bakteria huipokonya mimea nitrojeni.

Majaribio yaliyoanzishwa Kabete mwaka wa 1976 yalionyesha kwamba mbolea ya viwandani pekee haikutosha kulinda rutuba. Mavuno yalikuwa bora ilipotumiwa pamoja na samadi, na mabua yakaachwa shambani.

Walimu, kila shule ina taka za jikoni. Biwi moja na kipimajoto vitawafunza wanafunzi mengi ambayo ubao hauwezi. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya sulubu. Ni kweli, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.