Jicho la Chini ya Maji Lichaguliwe kwa Akili

Mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na Rusumo, wilayani Ngara, na maji yake huishia katika Ziwa Viktoria. Dagaa wa ziwa hilo nao hupanda kwa magunia mpaka masoko ya Ngara na Biharamulo. Biharamulo yenyewe ilikuwa na ufuko wake wa ziwa hadi Chato ilipofanywa wilaya mwaka 2005. Kwa hiyo tunapozungumza na ndugu zetu wa Goziba, Bumbire na Ikuza, hatuzungumzi kama wageni. Wavuvi wakipata hasara, na sisi wa bara tunakosa kitoweo.

Leo tungependa kuzungumzia chombo cha kutambua samaki kwa sauti, na hasa kikundi cha wavuvi kinachotaka kununua chombo hicho kwa mara ya kwanza. Fedha ya kikundi ni jasho la msimu mzima. Ikitumiwa vibaya, kinachopotea ni ada ya watoto na nyavu za msimu ujao. Ndiyo sababu jambo hili halifai kuachiwa maneno matamu ya muuzaji.

Chombo hiki si uchawi. Huko Nagasaki, Japani, ndugu wawili wa ukoo wa Furuno walikitengeneza kwa ajili ya wavuvi mwaka 1948. Kazi yake ni kupiga sauti kuelekea chini na kusikiliza mwangwi. Katika maji baridi sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Penye kina cha mita 40 huenda na kurudi katika sehemu kama ya ishirini ya sekunde. Kinachorudisha sauti kwa nguvu zaidi ni hewa iliyomo katika bondo la samaki, bondo lile lile linaloshindaniwa na wafanyabiashara mialoni.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kina. Ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina wastani wa kina cha mita 40, na penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Hakuna haja ya kulipia chombo chenye nguvu ya kufika mamia ya mita baharini. Sauti ya mitetemo 200,000 kwa sekunde hutosha ziwani, na huonyesha picha iliyo wazi kuliko sauti nzito ya bahari kuu.

Jambo la pili ni umeme. Vyombo vingi vya namna hii hutumia betri ya volti 12. Wavuvi wa dagaa waliokwisha kuzoea taa za betri na sola wanajua kwamba betri ikifa usiku wa manane, kazi imekwisha. Chombo kiwe na betri yake, kisiingiliwe na maji, na kioo chake kisomeke katika jua kali la mchana.

La tatu ni mahali pa kukifunga. Kichwa chake, yaani kile kipande kinachotoa sauti, lazima kizame majini, mbali na mapovu ya injini, kwani mapovu hukipofusha. Mitumbwi yetu ni ya mbao na huvutwa mchangani kila irudipo. Kichwa kilichogongomewa chini ya mtumbwi kitavunjika siku ya kwanza. Kifungwe kwenye mti unaoinuliwa.

La nne ni elimu ya kukisoma. Chombo hakioni ziwa zima. Ikiwa sauti yake hutawanyika kwa pembe ya nyuzi 20, penye kina cha mita 30 huona duara la upana wa mita 10 tu. Alama iliyo pembeni kulia ndiyo ya sasa. Nyingine zote ni za mahali mlipokwisha kupita. Tena alama ndefu si lazima iwe samaki mkubwa: mtumbwi ukisimama, hata samaki mdogo aliyetulia chini yake huchora mstari mrefu. Basi kikundi kisitoe fedha kabla ya kukijaribu majini, na kabla ya kujua fundi yuko wapi na vipuri vinapatikana wapi. Manunuzi yaamuliwe katika mkutano, risiti zihifadhiwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama maboya ya kujiokolea hayatoshi watu wote chomboni, yanunuliwe hayo kwanza.

Lakini lipo jambo kubwa kuliko hayo yote. Chombo hiki ni jicho, si mkono. Hakiwezi kumhakikishia mvuvi kwamba sangara aliye chini ametimiza sentimita 50 zinazotakiwa na sheria. Jicho jipya likiunganishwa na kokoro na nyavu haramu, tutakuwa tumenunua njia ya haraka ya kumaliza samaki wachanga. Likiunganishwa na nyavu halali, litapunguza mafuta yanayoteketea kwa kutafuta samaki huku na huku, na kila mvuvi anajua mafuta yanavyokula faida yake.

Kwa viongozi wa serikali tunasema hivi. Tangu mwaka 1999 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakikadiria samaki wa ziwa hili kwa njia hiyo hiyo ya sauti. Elimu hiyo imo nchini mwetu. Ishushwe kutoka katika meli ya utafiti hadi mwaloni. Ofisa uvuvi akae na kikundi kabla ya manunuzi, wala asingoje kufika siku ya kukamata nyavu. Mkopo wa chombo uende pamoja na mafunzo na ukaguzi wa nyavu.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo mpya tunaikaribisha. Lakini ziwa ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu pamoja na wajukuu wetu, na atakayeliona vizuri zaidi chini ya maji ndiye atakayeulizwa zaidi jinsi alivyolitunza.