Kikoi na Mmiliki wa Jina Lake

Mzee wa Utange, Kisauni, anapojifunga kikoi chake jioni, huenda asijue kwamba jina la nguo hiyo liliwahi kuombewa umiliki ng'ambo. Mwaka 2006, kampuni ya Uingereza iitwayo The Kikoy Company iliomba neno Kikoy lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara.

Aghalabu husemwa kwamba kilichotakiwa ni hataza ya kikoi. La hasha! Hataza hulinda uvumbuzi mpya, tena kwa kawaida kwa miaka 20 tu; kikoi si uvumbuzi mpya. Alama ya biashara hulinda jina, nayo yaweza kuhuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Ombi lingekubaliwa, mfanyabiashara wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake lenyewe.

Uzito wa jina ulidhihirika pia katika biashara ya kamera baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hataza za Wajerumani zilitwaliwa na mataifa yaliyoshinda. Jina Zeiss, hata hivyo, liligombaniwa mahakamani na kampuni mbili, moja ya Jena, Ujerumani Mashariki, na nyingine ya Oberkochen, Magharibi, hadi zilipoafikiana London mwaka 1971.

Ombi la kikoi lilipingwa na watetezi wa wafanyabiashara wa Kenya, likiwamo shirika la Uingereza la Traidcraft. Hoja ilikuwa kwamba kikoi ni jina la kitu, kama lilivyo shati, na jina la kawaida la bidhaa halihodhiwi na mtu mmoja. Hapa kamusi ni shahidi: neno hilo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Kugeuza i kuwa y (hila dhaifu, kwa kuwa matamshi ni yale yale) hakuzai neno jipya. Kufikia mwaka 2008 ombi lilikuwa limeanguka.

Hali ilikuwa tofauti kwa "hakuna matata", maneno ambayo Disney iliyasajili Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Maneno hayo si jina la fulana, hivyo kinga iliyokiokoa kikoi haikuyafaa. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka, bali kuyafanya chapa ya fulana zake huko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi nayo haivuki mipaka, kwani alama za biashara husajiliwa kwa sheria ya kila nchi.