Mume na Mke Waenda Kuvua Samaki Mto Gura

Karani akipewa likizo yake ya mwaka, aghalabu siku zake huwa zimekwisha gawanywa kabla hajafunga mlango wa ofisi. Siku tatu ni za kesi ya mpaka wa shamba, juma moja ni la kuezeka nyumba ya mama kwa mabati, na zinazobaki ni za matanga na arusi za watu wengine. Mkewe humwona akipita tu. Kusafiri na mke bila ya mgonjwa wa kutazamwa wala mahari ya kupelekwa huhesabiwa na wengi kuwa ni mchezo wa matajiri. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji safari ya namna hiyo, ya siku nne tu, ambayo mimi na mke wangu tuliifanya mwezi wa Machi kwenda kupiga hema na kuvua samaki katika milima ya Nyandarua, ambayo katika ramani nyingi huitwa Aberdare.

Huko Ulaya wavuvi wa mitoni hungojea majira ya kuchipua, baridi ikiisha na wadudu wakianza kuruka juu ya maji. Sisi hatuna majira hayo. Walakini tunayo majuma mawili matatu mwezi wa Machi, kabla masika hayajashika sawasawa, ambapo manyunyu ya kwanza yamekwisha kuamsha majani nayo maji ya mlimani yangali safi. Mvua ikishika mwezi wa Aprili mito hujaa, maji huchafuka, na samaki hakioni chambo hata ukimwekea mbele ya pua.

Samaki mwenyewe huitwa trauti, na si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti kutoka ziwa la Loch Leven katika Scotland, yakatiwa katika mto Gura. Msomaji na afikiri jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu: yai la trauti hufa likipata joto, na wakati ule reli ilikuwa haijafika Nyeri, basi sehemu ya mwisho ya safari haikuwa na njia ila ya miguu. Grogan huyo ndiye aliyesafiri toka Cape mpaka Cairo kati ya mwaka 1898 na 1900, sehemu kubwa kwa miguu, ili aonekane kuwa anafaa kumwoa bibi aitwaye Gertrude Watt, naye akamwoa. Ndiye pia aliyewachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, akahukumiwa kifungo. Nayataja yote mawili, maana mtu akisimuliwa nusu huwa si yeye tena.

Baadaye aliletwa trauti wa namna ya pili, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Mwaka 1948 kituo cha kuwazalisha samaki hawa kikafunguliwa Kiganjo. Karibu na hapo, kando ya mto Sagana, ndipo ilipo nyumba ambayo Serikali ya Koloni ilimpa Binti Mfalme Elizabeth na mumewe kwa arusi yao. Walikuwa wamefikia katika nyumba hiyo tarehe 6 Februari 1952, walipoletewa habari kwamba baba yake amefariki naye amekuwa Malkia. Kwa miaka mingi, basi, mito hii ilijulikana kwa wageni wakubwa kuliko ilivyojulikana kwa wana wa wakulima waliokaa maili tano kutoka ukingoni.

Sasa nirudi kwetu. Mimi nilizaliwa karibu na Ziwa Victoria, ambako mtoto hula samaki kabla hajaota meno yote. Mke wangu ni mtu wa Nyeri. Wazee wa kwao hawakula samaki, na bibi yake alimfundisha kwamba samaki ni ndugu wa nyoka. Katika miaka minane ya ndoa yetu sufuria ya samaki imekuwa na mahali pake nje ya jiko, kama mbwa. Nilipomwambia habari za safari hii alicheka, kisha akasema, "Baba Watoto, nitakuja kwa ajili ya mlima. Samaki ni wako."

Lakini yeye ndiye aliyetengeneza vyambo. Trauti havuliwi kwa kawaida kwa mnyoo, bali kwa mdudu wa bandia aliyefungwa juu ya ndoana ndogo kwa uzi na manyoya. Madukani vitu hivi vina bei. Mke wangu ni mshoni, ana cherehani yake Nyeri mjini. Aliangalia kimoja nilichokuwa nacho, akakifungua uzi wake wote, akaona siri yake. Jioni ile manyoya ya shingo ya jogoo wa jirani yakapungua. Alifunga vyambo kumi na viwili, vyekundu, vya kijivu, na vitatu vyeusi kabisa ambavyo nilimwambia havifai. Ufito wa kuvulia niliununua Gikomba, umetumika lakini mzima. Hema tuliazima, na gari ni la shemeji yangu.

Tuliingia kwa lango la Kiandongoro. Mtu akitaka kwenda huko na aulize kwanza habari za ruhusa, maana kuingia mbugani ni jambo moja, kulala hemani ni jambo la pili, na kuvua ni la tatu. Njia hupanda kwanza kati ya mashamba ya majani chai, kisha hupita uzio wa umeme unaozunguka milima yote, uliokamilika mwaka 2009. Hapo mashamba hukoma ghafula kama nguo iliyokatwa kwa mkasi. Kuna msitu mkubwa, halafu mianzi, na mwishowe, kwenye futi 10,000 hivi, miti huisha na nchi ikafunguka: nyasi za mafundo-mafundo, mimea mirefu yenye kichwa kama kabeji juu ya shina la mti, na ukungu unaokwenda na kurudi. Simu zetu zilinyamaza. Mchana ulikuwa wa jua zuri. Usiku maji tuliyoyaacha katika bakuli yaliganda juu. Blanketi mbili kwa kila mtu ni chache, chukueni tatu.

Askari wa mbuga alitusindikiza mtoni, na hili si jambo la kupuuza, maana nyati na ndovu wako, na sauti ya maji huwazuia watu kusikia. Gura huko juu si mto mkubwa. Mahali pengine mtu mrefu angeuruka. Maji ni baridi hata mfupa unauma, nayo ni maangavu, kila kijiwe chaonekana. Mbele kidogo mto hufika ukingo wa genge na kuanguka bondeni. Ng'ambo ya bonde hilo huonekana maporomoko ya Karuru, ambayo urefu wake wote ni meta 273, yakishuka kwa ngazi tatu.

Siku ya kwanza nilitupa mshipi toka asubuhi mpaka saa nane nisipate kitu. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma yangu akifuma sweta. Saa nane aliweka sindano chini, akaenda mtoni, akainua jiwe na kuligeuza. Chini yake kulikuwa na wadudu wadogo wameng'ang'ania, weusi tititi. Hakusema neno. Alichukua ufito, akafunga kimoja cha vile vyambo vyeusi, akaenda akiwa ameinama, kutoka upande wa chini wa mto. Hilo nalo lina maana, kwa kuwa trauti hukaa akiuelekea mkondo ili aletewe chakula, basi anayemjia kwa nyuma hamwoni. Tena kivuli cha mtu kikianguka juu ya maji samaki wote hutoweka. Mara ya tatu alipotupa, mshipi ulikazwa. Alipiga kelele iliyomfanya askari ashike bunduki yake.

Samaki huyo alikuwa na urefu wa kipande cha mkono, mgongo wa rangi ya zeituni na madoa mekundu ubavuni, kila doa limezungukwa na duara jeupe. Huyu ndiye wa ukoo wa yale mayai ya kwanza. Mke wangu alimtazama kwa muda mrefu. "Hana sura ya nyoka," akasema. Jioni tulikuwa na watano: wanne wake, mmoja wangu.

Niliwapika kwa chumvi na kitunguu na mafuta kidogo, juu ya makaa tuliyoyachukua kutoka nyumbani, maana kukata kuni mbugani ni makosa. Yeye alikula kipande kimoja akitazama pembeni, kisha kipande cha pili akikitazama. Akatoa hukumu kwamba nyama ni tamu lakini kazi ya mifupa ni kubwa kuliko faida.

Usiku wa pili mvua ilinyesha mapema kuliko tulivyotazamia. Tulikaa hemani na kandili moja toka saa kumi na mbili za jioni, hakuna mahali pa kwenda wala mtu wa kubisha hodi. Hapo ndipo tulipolizungumza shauri ambalo tulikuwa tukilizunguka kwa simu kwa miaka miwili. Mimi nafanya kazi Nairobi na kulala chumba cha kupanga. Yeye yuko Nyeri na watoto na duka lake la ushoni. Wafanyakazi wengi huishi hivyo, na huonana mwisho wa mwezi, siku ambayo hesabu za karo na deni la dukani hula maneno yote mengine. Mvua ilitupa saa tano. Alinieleza duka linaingiza nini hasa, mwezi kwa mwezi, na kodi ya chumba cha ushoni Nairobi ingekuwa kiasi gani. Alikuwa amekwisha uliza. Nami nikamweleza habari za uhamisho. Kabla kandili haijaisha mafuta tulikuwa tumepatana: yeye hahami mpaka mtoto wa kwanza amalize darasa alilomo, na mimi nipeleke barua ya kuomba kazi katika ofisi ya kaunti. Barua hiyo imekwisha kwenda. Jibu bado.

Asubuhi nilikimbilia mtoni nikidhani maji yamechafuka. Yalikuwa yameongezeka, lakini bado niliona vijiwe chini. Nyasi zile na mianzi ile ya chini hulishika tone la mvua na kuliachilia polepole.

Siku ya nne tuliteremka, tukapita kwa baba mkwe, ambaye shamba lake lateremka mpaka Gura huohuo. Tuliposimama darajani tulishangaa. Mto tulioulala kando yake, ulio maangavu kama kioo, ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mvua ilikuwa ni ileile moja. Tofauti ni kwamba kutoka uzio kushuka, watu wamelima mpaka maji yanapogusa udongo, na penye kona wamepanda mikalitusi. Sheria hukataza kulima ndani ya meta 6 za ukingo, na zaidi ya hapo mto ukiwa mpana, lakini kamba ya kupimia haionekani huko. Na trauti jike hutaga mayai katika changarawe, akiichimba kwa mkia; tope likitanda juu ya changarawe mayai hukosa pumzi. Ndiyo sababu wavuvi hupanda juu zaidi kila mwaka. Udongo nao hausimami hapo darajani. Gura huingia Chania, yaani Chania ya Nyeri na si ile ya Thika, kisha Sagana, nao ndio Tana. Na katika Tana mna bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambalo kwa miaka yote hiyo limekuwa likipokea mashamba yetu kijiko kwa kijiko.

Tulikuwa na samaki wawili katika majani mabichi. Mke wangu, kwa adabu zote, alimwonyesha baba yake. Mzee huyo ana miaka themanini na zaidi. Alivaa miwani, akamgeuza samaki kwa ncha ya fimbo.

"Huyu ndiye?" akauliza.

Tukamjibu kwamba ndiye.

Akatuambia kwamba alipokuwa mvulana, wao hawakuwa na haja ya samaki, walikwenda mtoni kuoga na kunywesha mbuzi, lakini palikuwa na askari wa mto aliyewafukuza kwa kiboko kwa sababu ya samaki wa Wazungu. "Siku zote nilidhani ni mnyama mkubwa," akasema. Alicheka mpaka akaketi.

Hakula. Lakini alimwita mjukuu wake alete jembe, akatutangulia kushuka mtoni, na hapo akatuonyesha mahali ambapo ukingo ulikuwa zamani, hatua saba ndani ya maji ya leo. Mwaka huu, akasema, mistari minne ya mahindi ya chini haitapandwa. Patapandwa majani ya nepia kwa ng'ombe. Kisha akamwuliza binti yake kama huko juu maji ni maangavu bado kama alivyoyaona yeye alipokuwa kijana, akachunga mbuzi huko kabla hapajawa mbuga mwaka 1950. Binti akamwambia kwamba ni maangavu, unaweza kuhesabu vijiwe. Mzee akataka kujua kama gari la shemeji lina kiti cha mbele kinachofaa mtu mwenye maumivu ya goti.

Safari ijayo tumeipanga baada ya masika, mto ukipungua. Manyoya ya jogoo yanakusanywa katika kopo la kahawa.