Acha kuionea aibu strungi

KUNA sentensi ambayo karibu kila Mkenya ameisikia mlangoni pa keja ya mtu: "Karibu chai, lakini ni ya rangi tu." Hiyo "tu" ndiyo hunikera. Mgeni hajakaa, maji hayajachemka, na tayari mwenye nyumba anaomba msamaha kwa sababu hana pakiti ya maziwa.

Mtaani tunaiita strungi, au turungi. Jina lilitoka kwa Kiingereza likimaanisha chai kali, lakini siku hizi watu wakilisikia wanaelewa kitu kimoja: umesota. Strungi ni ya Njaanuari. Ni ya mwezi ukiwa kona. Ni ya mwanafunzi wa hosteli anayesubiri pesa kutoka nyumbani. Doo ikiingia, strungi inasahaulika.

Hebu basi tuambiane ukweli. Tunaionea haya bidhaa ambayo dunia nzima inatujua kwayo. Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje ya nchi. Miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, na kilimo cha biashara kikaanza 1924. Leo wakulima wadogo zaidi ya 600,000 hupeleka majani yao katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Chai nyingi hupitia mnada wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi 1956 kabla ya kuhamia Pwani 1969. Kutoka hapo inapanda meli kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Inayobaki nyumbani ni kidogo sana, na hiyo kidogo tunaizamisha ndani ya maziwa na vijiko vinne vya sukari. Ladha yake utaijulia wapi?

Na kazi iliyomo kwenye hicho kikombe si mchezo. Mchumaji, awe Kericho, Nandi au Murang'a, anatafuta majani mawili na chipukizi lake. Kiwandani majani hunyaushwa kwa saa nyingi, yakapitishwa kwenye mashine za kuyasaga na kuyararua, yakaachwa yapigwe na hewa hadi yawe ya kahawia, halafu yakakaushwa. Hiyo hewa ndiyo hufanya chai iwe nyeusi. Ya kijani hunyimwa nafasi hiyo. Kupata kilo moja ya chai kavu unahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi.

Sasa tatizo ni kwamba wengi tunaipika strungi kama tunachemsha githeri. Majani yanatokota dakika kumi, inatoka chungu kama dawa, kisha tunasema chai ya rangi haina raha. Chai yetu nyingi ni punje ndogo ndogo, kwa hivyo inatoa rangi na ukali haraka. Haihitaji kuteswa.

Fanya hivi. Chemsha maji mapya, si yale yaliyolala kwenye birika tangu jana. Kama unapenda tangawizi, iponde na uichemshe kwanza ndani ya maji. Zima moto, tia kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kila kikombe, funika, subiri dakika tatu hadi tano. Chuja. Onja kabla ya kutia sukari; huenda ukagundua nusu kijiko kinatosha. Ukikamulia ndimu utaona rangi inapauka. Usishtuke, ni asidi ya ndimu inayofanya hivyo, chai haijaharibika.

Chakula cha kuandamana nayo? Nduma, viazi vitamu, chapati ya jana iliyopashwa moto. Pwani ndio walimu wetu hapa. Huko chai ya rangi yenye iliki na mdalasini inakaa mezani kando ya mahamri na mbaazi, na hakuna anayeiombea radhi.

Tahadhari moja, hasa kwa wadada: chai huzuia mwili kufyonza vizuri madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Kama umeambiwa una upungufu wa damu au una mimba, usiinywe pamoja na mlo. Iache kama saa moja hivi ipite. Na kama usingizi wako ni wa kubembelezwa, strungi ya saa nne usiku itakukesha.

Kwangu mimi suala hili linazidi kikombe. Mkulima wa chai hulipwa kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya mwaka, ambayo hupanda au kushuka kulingana na bei wanayokubali wanunuzi wa nje. Sisi tulio hapa nyumbani, vijana kwa maelfu, hatuna usemi kwa sababu hatujui hata chai nzuri ina ladha gani. Huwezi kudai kitu usichokijua. Ukiizoea bila maziwa, utaanza kutofautisha pakiti yenye harufu ya shambani na ile ya vumbi lisilo na uhai, na utaacha kununua hiyo ya pili. Soko huanza kubadilika hivyo, kikombe kwa kikombe.

Kwa hivyo wikendi hii, hata kama maziwa yapo, yaache kando. Weka maji jikoni.