Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kujiunga na Kikundi cha Wamama Kambini

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Karibu wewe unayetusikia kwa redio, na wewe uliyeshika karatasi hii mkononi unamsomea jirani yako. Kama uko Nakivale, kama uko Nyarugusu, kama uko Kakuma, kipindi cha leo ni chako.

Leo tunazungumza hasa na mama au dada aliyefika kambini hivi karibuni. Umepewa turubai, sufuria, blanketi na sehemu ya kujenga. Umeandikishwa. Lakini usiku mtoto akishikwa na homa, utagonga mlango wa nani? Jirani wa kulia anazungumza lugha usiyoijua. Jirani wa kushoto hata jina lake hujalisikia. Na kile kidogo ulichokuja nacho kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wanamfukuza mgeni. Walitaka aingie shambani pamoja na wenyeji ili ahesabiwe kuwa mtu wa nyumbani. Kambini, jembe hilo mara nyingi ni kikundi cha wamama. Basi leo tueleze: ni kikundi gani, kinafanyaje kazi, unaingiaje, na ujihadhari na nini.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwanza, ujue kuna namna mbili za vikundi vya pesa.

Namna ya kwanza unaijua tangu nyumbani. Kongo tunaita likelemba. Tanzania wanasema upatu au mchezo. Kila mtu anatoa kiasi kilekile, na pesa yote anapewa mmoja. Wiki ijayo mwingine, mpaka wote wapate. Ni rahisi, haihitaji daftari kubwa. Ubaya wake ni kwamba zamu yako inaweza kuwa ya mwisho huku shida yako ni ya leo. Na aliyepokea wa kwanza akihama, wa mwisho ndiye anayelia.

Namna ya pili ni kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku. Hiki ndicho utakikuta katika kambi nyingi. Namna hii ilianza mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini huko Maradi, nchini Niger, pamoja na shirika la CARE. Wanawake wale hawakuwa na benki, na wengi hawakujua kusoma. Waliweka pesa yao wenyewe na kukopeshana wao kwa wao. Kwa hiyo usidhani kuna mzungu aliyejaza sanduku. Pesa iliyomo ni ya wamama waliokaa pale kwenye mkeka.

Kikundi cha kawaida kina watu kama 15 mpaka 25. Kina mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wamama watatu tofauti. Mwenye sanduku hana ufunguo, wenye funguo hawana sanduku. Kwa hiyo hakuna awezaye kufungua peke yake, na linafunguliwa mbele ya wote tu.

Siku ya mkutano, kila mmoja ananunua hisa, moja mpaka tano, kadiri ya uwezo wake. Kwa kila hisa unapigwa mhuri kwenye kitabu chako kidogo. Hata kama hujui kusoma, mihuri unaweza kuihesabu. Pembeni kuna mfuko wa jamii: kila mmoja anatoa kiasi kidogo, sawa kwa wote, kwa ajili ya ugonjwa, msiba au uzazi. Mwisho wa mkutano, pesa inahesabiwa kwa sauti, na wote wanaambiwa washike kichwani kiasi kilichobaki. Mkutano unaofuata, kabla ya jambo lolote, wanaulizwa: tuliacha ngapi? Kichwa cha watu ishirini ni daftari ambalo panya hawali.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuhesabu pamoja. Huu ni mfano tu. Tuseme hisa moja ni shilingi 2,000. Wewe unanunua hisa mbili kila wiki, yaani 4,000. Baada ya wiki 10 una 40,000. Vikundi vingi vinaruhusu kukopa mpaka mara tatu ya ulichoweka, kwa hiyo unaweza kuomba mpaka 120,000. Hapo unaweza kununua gunia la mkaa, ndizi za kuuza, au vitambaa vya kushona.

Mkopo unarudishwa na faida kidogo. Faida hiyo haiendi kwa tajiri, inabaki ndani ya sanduku. Mzunguko ukiisha, kwa kawaida baada ya miezi 9 mpaka 12, ndipo mnagawana. Tuseme kikundi chote kiliuza hisa 3,000, yaani 6,000,000. Pamoja na faida, sanduku sasa lina 6,600,000. Gawanya kwa hisa 3,000: kila hisa imekuwa 2,200. Wewe mwenye hisa 80 uliweka 160,000, unaondoka na 176,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kwa mgeni, faida hiyo ya 16,000 si ndiyo kubwa zaidi. Kubwa zaidi ni kwamba kila wiki watu ishirini wanauliza: mama fulani yuko wapi leo? Ukikosa kuonekana, mtu anakuja mpaka mlangoni kuangalia kama uko mzima. Ni hapo pia utajifunza lugha ya wenyeji, bei ya sokoni, na zahanati ipi ina dawa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Unaingiaje? Tuende hatua kwa hatua.

Moja. Usianze na pesa, anza na macho. Muulize kiongozi wa kijiji au wa bloku yenu, au mamake jirani, vikundi vinakutana wapi. Omba ruhusa ukae kando usikilize mikutano miwili au mitatu. Kikundi kizuri hakiogopi kuangaliwa.

Mbili. Tafuta wa kukudhamini. Wamama wanaulizana: huyu nani anamjua? Jibu hilo halinunuliwi. Linapatikana kisimani, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya chakula, na kwenye msiba wa jirani ulipokwenda kusaidia kupika.

Tatu. Uliza sheria zao, wanazoziita katiba. Hisa ni bei gani? Mfuko wa jamii ni kiasi gani? Faini ya kuchelewa ni ngapi? Nikishindwa kununua hisa wiki moja, itakuwaje? Kama hujui kusoma, omba usomewe kwa lugha unayoielewa. Kuuliza si dharau.

Nne. Uwe tayari kungoja. Vikundi vingi vinapokea wapya mzunguko mpya unapoanza, kwa sababu anayeingia katikati atagawana faida ambayo hakuifanyia kazi. Ukiambiwa ngoja miezi mitatu, usifikiri wanakukataa kwa sababu ya kabila au nchi yako. Uliza tarehe, kisha rudi tarehe hiyo. Na kama mko wageni wengi mliofika pamoja, mnaweza kuanzisha chenu na kumwomba mama mwenye uzoefu awafundishe.

Tano. Anza kidogo. Nunua hisa moja. Usikope mwezi wa kwanza ili uonekane hodari. Dawa ya deni ni kulipa, na mgao wa chakula katika kambi nyingi umepungua. Kopa kwa biashara ambayo umekwisha kuiona ikitembea, si kwa matumaini.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kuna swali ambalo watu wanaona aibu kuliuliza, nasi tunaliuliza hapa: nikiondoka je? Sisi ni wakimbizi. Leo uko hapa, kesho jina lako linatoka kwenye orodha ya kwenda Kanada, au familia inaamua kurudi nyumbani, na mzunguko haujaisha. Swali hili lijibiwe kwenye katiba kabla hujaweka shilingi ya kwanza. Vikundi vingine vinamrudishia anayeondoka alichoweka bila faida, baada ya kukata deni lake. Vingine vinamruhusu kuacha mtu wa kumpokelea siku ya kugawana. Na mtu akifa, nani anapokea? Andikisha jina la mtu huyo.

Sasa tahadhari. Zishike vizuri.

Kusajiliwa kama mkimbizi, kupata chakula na kuhudumiwa na UNHCR ni bure. Anayekwambia ulipe ili kikundi kikuingize kwenye orodha ya msaada au ya safari, huyo anakuibia. Mkatalie, na utoe taarifa kwenye ofisi ya ulinzi au kwa namba ya malalamiko ya kambi yako.

Usiweke kadi yako ya chakula rehani, hata kwa siku moja. Kadi hiyo ni chakula cha watoto.

Kiongozi akiomba mwili wako ili akupitishie mkopo, hilo ni kosa kubwa, na aibu ni yake. Mwambie mtu unayemwamini.

Kikundi kikiwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, au kama pesa haihesabiwi mbele yenu, rudi nyumbani na pesa yako.

Na siku za kugawana zikikaribia, mikopo yote imerudi na sanduku limejaa. Huo ndio wakati wa hatari. Msitangaze tarehe sokoni. Kutaneni mchana, gawaneni siku hiyohiyo, kila mmoja aende na mwenzake.

Neno kwa baba unayetusikia. Mkeo akienda kikundini hakukimbii. Lakini ukimnyang'anya mkopo ukanywea pombe, deni linabaki kwake na aibu inabaki kwenu wote wawili. Kaeni chini kabla hajakopa, mkubaliane pesa itafanya nini na itarudi vipi.

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Kwa kikundi chenu cha kusikiliza, tunawaachia maswali matatu. Katika bloku yenu, nani amefika mwezi huu na hajakaribishwa popote? Katiba ya kikundi chenu inasema nini juu ya anayeondoka katikati? Na funguo tatu ziko kwa nani?

Kama katiba haina jibu la swali la pili, liwe jambo la kwanza la mkutano ujao. Na wewe mama mwenyeji, wiki hii, ukienda mkutanoni, mpitie jirani mgeni. Mwambie: njoo ukae, usikilize tu.



(Muziki wa kufunga.)