MAZIWA YA MGANDO: NAMNA YA KUYATENGENEZA NYUMBANI

Kwa Wakulima wa Rufiji na Kibiti

Zamani ng'ombe walikuwa wachache katika bonde la Rufiji kwa sababu ya mbung'o, na mkulima wa huko alizoea samaki na nazi kuliko maziwa. Hali hiyo imegeuka. Wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walihamia pande hizi pamoja na makundi yao. Ng'ombe hao wameleta ugomvi mashambani, jambo lijulikanalo na kila mtu. Lakini maziwa yao ni chakula bora, na yafaa mkulima ajue kuyatumia pasipo kudhurika.

Sababu ya maziwa kuganda

Ndani ya maziwa mna vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vingine ni vyema: hula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa uchachu, na uchachu huo ndio ugandishao. Kwa kuwa sukari imepungua, watu wengi ambao tumbo lao husumbuliwa na maziwa matamu huyaweza ya mgando.

Lakini maziwa mabichi yaweza pia kuwa na vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vya ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huu wa pili humpata mwanadamu pia: huleta homa ijayo na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, nao huweza kuharibu mimba ya mwanamke. Watu wengi hudhani ya kuwa uchachu huua maradhi. Sivyo. Vijidudu hivyo huweza kuishi ndani ya maziwa yaliyoganda. Dawa yake ni moto.

Kazi yenyewe

1. Chuja maziwa kwa kitambaa kilichochemshwa, uyatie katika sufuria safi yenye mdomo mpana. Kibuyu na dumu havisuguliki vema ndani, na uchafu husalia humo.

2. Chemsha siku ile ile uliyoyapata, ukikoroga, mpaka yafure na kutokota. Yakikatika motoni, ujue yalikuwa yamekwisha anza kuchacha. Hayafai kwa kazi hii. Akaaye katika delta, ambako maziwa husafirishwa kwa mtumbwi, asingoje kufika mbali: heri yachemshwe kwanza, ndipo yasafirishwe.

3. Funika, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono kwa kijiko safi. Usisikie moto wala baridi. Yakiwa na moto mwingi, mbegu itakufa.

4. Tia mbegu, yaani maziwa ya mgando, vijiko 2 au 3 vya chakula kwa kila lita 1. Koroga kidogo.

5. Funika, uweke mahali penye kivuli, wala usiyatikise. Ukitia jioni, kwa joto la pwani asubuhi huwa yameganda. Kukiwa na baridi, ngoja mpaka mchana.

6. Kabla ya kutia sukari au tunda, toa vijiko vichache viwe mbegu ya kesho. Yaliyobaki yaweke mahali pa baridi, yanywewe siku ile au ya pili yake. Yakitoa povu, ukungu, utelezi au harufu mbaya, yamwage pamoja na mbegu yake.

Jihadhari na mbegu

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Mtu huchemsha maziwa yake vizuri, kisha hutia mbegu ya maziwa mabichi yaliyochacha yenyewe. Afanyaye hivyo ameurudisha ugonjwa aliokwisha kuuondoa. Mbegu ya kwanza ipate kwa jirani ambaye huchemsha maziwa yake na mbegu yake vilevile, au tumia mtindi wa kiwandani usiotiwa sukari.

Kinywaji cha matunda

Osha embe au ndizi mbivu kwa maji yaliyochemshwa, umenye, uponde. Chukua bakuli 2 za mgando na bakuli 1 ya tunda, upekeche kwa upekecho safi mpaka vichanganyike. Ikiwa ni kizito, ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya mto au ya kisima usiyatie mabichi. Nanasi na papai vikikaa na maziwa huyafanya machungu. Basi ukivitumia, kunywa papo hapo.

Kinywaji hiki huwafaa watoto, wazee na wajawazito. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama yake tu.

Katika haya yote shika moja: chemsha maziwa, na mbegu yake nayo itoke katika maziwa yaliyochemshwa.